Nyaraka za askari wa Kijerumani aliyeuawa vitani: zilikokwenda na jinsi ya kuzikusanya

Askari wa Kijerumani alipouawa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kazi ya kwanza ya wenzake, kama mapigano yaliwaruhusu, ilikuwa ni kumfungua ukosi na kuvunja kibati alichokivaa shingoni. Kibati hicho chenye umbo la yai kilikuwa kimechanjwa katikati makusudi ili kikatike kwa mkono. Nusu moja iliachwa na maiti. Nusu ya pili ilipelekwa kwa mkuu wa kikosi, na kutoka hapo taarifa yake ikaanza safari ya kuelekea Berlin.

Hapo ndipo nyaraka za marehemu zilipoanza kutawanyika. Barua ya rambirambi ilikwenda kwa mama au mke. Taarifa ya kifo ilikwenda kwenye ofisi ya kumbukumbu za majeruhi na waliokufa. Maelezo ya kaburi yalikwenda kwa afisa wa makaburi. Kitabu cha utumishi kilirudi kwenye ofisi ya uandikishaji ya wilaya alikotoka. Na hati aliyokuwa nayo mfukoni mara nyingi ilizikwa naye, au iliangukia mikononi mwa adui.

Zaidi ya miaka 80 baada ya vita hivyo kumalizika mwaka 1945, wajukuu, wanahistoria na wakusanyaji wa vitu vya kale wangali wakizitafuta. Kosa linalowapotezea muda wengi wao ni kudhani kuwa mahali fulani limehifadhiwa faili moja lenye jina la askari huyo, na ndani yake mna kila kitu. Kwa askari wengi wa kawaida faili la namna hiyo halipo. Kilichopo ni karatasi moja hapa na nyingine kule, na anayezitaka hana budi kufuata njia ambayo kila moja ilipita siku ile askari alipoanguka.

Kibati kisicho na jina

Mtu anayekiona kibati hicho kwa mara ya kwanza hushangaa kukuta hakina jina. Kilichoandikwa ni kifupisho cha kikosi, namba ya askari katika orodha ya kikosi hicho, na mara nyingi herufi ya kundi la damu. Jina lilikuwa katika orodha yenyewe, na nakala ya orodha hiyo pamoja na mabadiliko yake ilitakiwa kupelekwa Berlin. Kwa hiyo kibati bila orodha ni kipande cha bati tu, na orodha ikipotea mtu naye hupotea.

Jambo jingine huwapotosha hata watafiti wazoefu. Kikosi kinachotajwa kwenye kibati ni kile kilichompa askari kibati hicho kwa mara ya kwanza, ambacho kwa kawaida kilikuwa kikosi cha mafunzo au cha akiba nyumbani Ujerumani. Askari aliweza kuhamishwa mara tatu au nne, akafia maelfu ya kilomita kutoka hapo, bado akiwa na kibati kilekile. Ni makosa kukisoma kana kwamba kinataja kikosi alichofia.

Ofisi iliyohama pamoja na vita

Ofisi iliyopokea taarifa hizo ilianzishwa mjini Berlin mwishoni mwa mwezi Agosti 1939, siku chache kabla ya Ujerumani kuishambulia Poland. Kwa kifupi iliitwa WASt. Wajibu wake ulitokana na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, ambao ulizitaka nchi zinazopigana ziwe na ofisi ya kutoa habari za mateka wa kivita. Wajerumani waliiongezea kazi ya kuandika majeruhi, wagonjwa, waliokufa na waliotoweka katika jeshi lao wenyewe.

Mwaka 1943 mashambulizi ya ndege yalipozidi, ofisi ilihamishiwa jimbo la Thuringia. Majeshi ya Marekani yaliikuta huko mwezi Aprili 1945. Mwaka uliofuata ilirudishwa Berlin na kuwekwa chini ya usimamizi wa Wafaransa, waliokuwa wakitawala sehemu moja ya mji huo, na baadaye makao yake yakawa katika jengo la zamani la kiwanda cha silaha kwenye barabara ya Eichborndamm, mtaa wa Reinickendorf. Ofisi iliyokusudiwa kwa ajili ya vita iliendelea kufanya kazi miongo kadhaa baada ya jeshi lililoiunda kuvunjwa. Tarehe 1 Januari 2019 iliingizwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, yaani Bundesarchiv, na maombi yote sasa hupelekwa huko.

Kiini cha hazina hiyo ni kadi zaidi ya milioni 18, kila moja ikiwa na jina la askari na tarehe yake ya kuzaliwa. Ukubwa wake unaeleweka zaidi ukikumbuka kazi ya mwanahistoria Rüdiger Overmans. Kwa kuchukua sampuli ya kadi hizo, mwaka 1999 alitoa makadirio kuwa wanajeshi milioni 5.3 waliokuwa upande wa Ujerumani walipoteza maisha, idadi kubwa kuliko iliyokuwa ikitajwa kabla yake.

Anayeomba habari za mtu mmoja anatakiwa kutoa jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na kama anayo, namba ya kibati. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo muhimu kuliko yote. Majina ya Kijerumani yanafanana sana, na bila tarehe hiyo mtu aweza kukabidhiwa historia ya marehemu mwingine kabisa. Kisheria, nyaraka zinazomhusu mtu binafsi hufunguliwa miaka 10 baada ya kifo chake, au miaka 100 tangu kuzaliwa kwake ikiwa mwaka wa kifo haufahamiki; hivyo kwa aliyeuawa vitani kizuizi hicho kimekwisha siku nyingi. Kinachobaki ni subira, kwa sababu maombi ni mengi na jibu laweza kuchukua miezi mingi, hata kupita mwaka.

Vitabu viwili vinavyochanganywa

Katika maduka ya vitu vya kale na katika masanduku ya familia, hati zinazoonekana mara kwa mara ni mbili, nazo huchanganywa.

Ya kwanza ni Wehrpass. Hiki ni kitabu cha utumishi alichopewa kijana alipopimwa afya na kuandikwa kwa ajili ya jeshi. Alipoingia kambini alikikabidhi, na kikosi kikakitunza na kukijaza: amefunzwa silaha gani, amehamia kikosi kipi na lini, ametunukiwa nishani gani, amejeruhiwa wapi. Kuna ukurasa wa mapigano aliyoshiriki, na huo ndio wenye thamani kubwa kwa mtafiti. Alipofariki kitabu kilifungwa kwa maandishi ya kifo chake na kurudishwa kwa ndugu. Ndiyo maana familia iliyopoteza kijana mara nyingi inayo Wehrpass.

Ya pili ni Soldbuch, kitabu cha malipo, ambacho kilikuwa pia kitambulisho. Hiki askari alitembea nacho mfukoni mpaka mwisho. Mara nyingi kina picha yake, nacho kina saini yake, chanjo alizochomwa, miwani na buti alizopewa, likizo alizopata, hospitali alizolazwa. Cha aliyefia uwanjani huwa adimu zaidi, na kikipatikana mara nyingi kimelowa, kimekatika au kina damu.

Mtu mwenye bahati ya kuwa na vyote viwili asikimbilie kuviamini sawasawa. Wehrpass iliandikwa na karani aliyekuwa nyuma ya mstari wa mbele, pengine majuma kadhaa baada ya matukio. Soldbuch ilijazwa palepale, kwa haraka, kwa kalamu ya risasi. Vinapohitilafiana kuhusu tarehe ya uhamisho, kwa kawaida mimi ningeanza kukisikiliza kile cha mfukoni.

Hapo pia mwandiko huwa kikwazo. Makarani wengi wa enzi hizo walitumia mwandiko wa zamani wa Kijerumani uliofundishwa mashuleni hadi utawala wa Hitler ulipouondoa mwaka 1941. Mjerumani wa leo mwenye shahada ya chuo kikuu aweza kuikodolea macho barua ya babu yake asiambue neno. Wako wazee na vyama vya historia za familia wanaosaidia kuisoma.

Barua, na namba ya tarakimu tano

Barua ya kamanda kwenda kwa familia ina desturi yake. Karibu kila marehemu huelezwa kuwa alikufa papo hapo, bila maumivu, akiwa kipenzi cha wenzake. Taarifa rasmi ya kifo iliyokwenda Berlin haikuwa na sababu ya kumliwaza mtu, na humo huweza kuandikwa kuwa askari huyohuyo alipigwa na kipande cha kombora tumboni akafia hospitali ya uwanjani siku mbili baadaye. Anayeomba nyaraka hizo kwa niaba ya bibi aliyeishi maisha yake yote na faraja ya barua ile, afikirie kwanza kabla ya kumsomea jibu.

Barua za askari mwenyewe zina faida nyingine. Kwa sababu za usalama hakuruhusiwa kuandika jina la kikosi wala mahali alipo. Badala yake aliandika namba ya posta ya jeshi yenye tarakimu tano, na pengine herufi moja iliyoonyesha kombania. Namba hizo zilibadilika wakati wa vita, lakini zimechapishwa vitabu vinavyoeleza kila namba ilikuwa ya kikosi gani na katika kipindi gani. Hivyo bahasha tupu ambayo familia ingeitupa yaweza kutaja kikosi kwa uhakika kuliko kibati. Inakadiriwa kuwa barua na vifurushi kati ya bilioni 30 na 40 vilipita katika posta hiyo, kwa hiyo si ajabu kuwa bado vinaibuka kila nyumba ya mzee inaposafishwa.

Ukishajua kikosi na tarehe, njia inaelekea mji wa Freiburg kusini magharibi mwa Ujerumani, iliko hifadhi ya kijeshi ya Bundesarchiv. Humo mna shajara za vita zilizoandikwa siku baada ya siku na makao makuu ya divisheni na majeshi, pamoja na mafaili ya maafisa wengi. Sehemu kubwa ya karatasi hizo ilichukuliwa na Wamarekani baada ya vita, ikapigwa picha kwenye filamu ndogo na kisha kurudishwa. Kwa hiyo msomaji aliyeko Marekani aweza kuzisoma nakala zake katika Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo bila kupanda ndege kwenda Ulaya. Aliyetumikia SS huanza kutafutwa Berlin, katika mafaili ambayo Marekani iliyashikilia hadi mwaka 1994.

Pasisahaulike pia kadi ndogo za misa ya wafu. Katika maeneo ya Wakatoliki, hasa Bavaria na Austria, familia ilichapisha kadi yenye picha ya kijana, tarehe ya kuzaliwa, siku na mahali alipouawa, ikagawiwa kanisani. Mara nyingine ndiyo picha pekee iliyobaki.

Vita vya kwanza na moto wa Potsdam

Kwa anayemtafuta askari wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918 hali ni tofauti. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1945, majuma matatu tu kabla ya vita kumalizika Ulaya, ndege za Uingereza ziliushambulia mji wa Potsdam, na hifadhi ya jeshi iliyokuwa huko ikateketea. Nyaraka za utumishi za jeshi la Prussia, lililokuwa kubwa kuliko yote katika dola ya Ujerumani, ziliungua karibu zote.

Lakini dola hiyo ilikuwa na majeshi mengine yaliyotunza karatasi zake nyumbani. Rejesta za Bavaria ziko Munich, na zile za Württemberg ziko Stuttgart. Rejesta za Bavaria humtaja askari, wazazi wake, dini, kazi, vikosi, mapigano na majeraha yake. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio: mtoto wa mkulima wa Bavaria aweza kujulikana leo kuliko ofisa wa Prussia.

Kwa wote zipo orodha za majeruhi na waliokufa zilizochapishwa na serikali kuanzia mwaka 1914 hadi 1919, zenye kurasa zaidi ya 31,000. Watu wa kujitolea wa chama cha Kijerumani cha utafiti wa nasaba waliyanakili majina yake yote, na sasa yanatafutwa bure kwenye intaneti.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki karatasi za vita hivyo zina sura yake ya pekee. Chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck walipigana Wajerumani wachache na Waafrika wengi. Aliposalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, maaskari wake walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa wale waliokuwa hai. Kisa kinachosimuliwa mara nyingi, na ambacho huenda kimetiwa chumvi, husema kuwa wazee waliokusanyika Mwanza wengi hawakuwa na hati yoyote, basi kila mmoja akapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Na hakuna aliyekosea. Kiwe kimetiwa chumvi au la, kisa hicho kinaonyesha tofauti yenyewe: mjane wa Munich alikuwa na rejesta ya kumthibitishia, mzee wa Mwanza alikuwa na viungo vyake tu. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyohifadhiwa Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, zaidi ni ya mambo ya kiraia.

Waliotoweka

Si kila aliyekufa aliandikwa kuwa amekufa. Katika miaka miwili ya mwisho ya vita vya pili, hasa upande wa mashariki, divisheni nzima zilisambaratika pamoja na makarani wake, na maelfu kwa maelfu wakaandikwa tu kuwa wametoweka. Shirika la Msalaba Mwekundu la Ujerumani lilichapisha miaka ya 1950 vitabu zaidi ya 200 vya majina ya watu milioni 1.4 waliotoweka, wengi wao kwa picha, na vikapelekwa kwa mateka waliorejea ili waulizwe kama wanamtambua yeyote.

Wake zao hawakuweza kuolewa wala kupata haki ya ujane bila tamko la mahakama. Ndiyo maana katika rejesta nyingi utakuta tarehe ya kifo ni 31 Desemba 1945. Hiyo ni tarehe ya kisheria, haielezi siku mtu alipokata roho. Mkusanyaji asiyejua jambo hili huandika katika kumbukumbu zake kuwa askari alifariki miezi minane baada ya vita, kisha akabaki akishangaa.

Kile ambacho karatasi hazisemi

Hati za utumishi huandika nishani na majeraha. Haziandiki nani alichoma kijiji, wala nani alisimama na bunduki pembeni ya shimo. Kwa miongo kadhaa Wajerumani wengi waliamini kuwa uhalifu ulikuwa wa SS peke yake na kwamba jeshi la kawaida lilibaki safi. Maonyesho yaliyofunguliwa Hamburg mwaka 1995 kuhusu uhalifu wa jeshi hilo yalizua ugomvi mkubwa hata ndani ya familia. Yalisimamishwa mwaka 1999 kwa sababu baadhi ya picha zilikuwa na maelezo yasiyo sahihi, yakafanyiwa marekebisho na kurudi mwaka 2001. Hoja yake kuu haikutenguliwa.

Kwa hiyo ukurasa wa Wehrpass unaosema askari alikuwa Belarus mwaka 1942 katika kazi ya kulinda maeneo ya nyuma si habari ya kupita haraka. Huko "kupambana na wapiganaji wa msituni" mara nyingi kulimaanisha kuua wakulima na Wayahudi. Anayekusanya nyaraka za marehemu wake hana budi kuisoma shajara ya kikosi pamoja na maandiko kuhusu wilaya ile, hata kama baba alisimuliwa hadithi nyingine.

Sokoni

Hati nyingi zimeuzwa na warithi wasiokuwa na haja nazo. Seti ya askari mmoja, yaani vitabu vyake vyote, vyeti vya nishani na barua ya kifo, hupata bei kubwa kuliko karatasi moja moja, na kwa sababu hiyo wako wanaounganisha karatasi za watu wawili wenye jina moja, au kughushi mihuri. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na namba ya kibati katika kila karatasi. Nchini Ujerumani sheria inakataza kuonyesha hadharani alama za chama cha Nazi isipokuwa kwa ajili ya elimu, utafiti na mambo kama hayo, na ndiyo maana wauzaji hufunika msalaba wa Hitler uliopo kwenye majalada.

Vibati ni suala zito zaidi. Chama cha Volksbund, kilichoanzishwa mwaka 1919 na kinachotunza makaburi ya wanajeshi wa Kijerumani katika nchi 46, kimefukua na kuzika upya mabaki ya watu zaidi ya 900,000 Ulaya mashariki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mara nyingi njia pekee ya kuyatambua ni ile nusu ya kibati iliyoachwa na maiti. Wachimbaji wa magendo huitoa na kuiuza, mifupa wakaitupa. Ukikutana na kibati kizima, ambacho hakikuvunjwa, yawezekana mwenye kukivaa alinusurika; yawezekana pia hakuna aliyemfikia. Nakili maandishi yake yote, nukta na namba kama zilivyo, ukaulize Bundesarchiv na Volksbund kabla ya kumlipa muuzaji. Muulize vilevile kilipatikana wapi. Asiyetaka kujibu swali hilo, aachwe na kibati chake, na maandishi yake yapelekwe Bundesarchiv hata hivyo.